Sikio Lililotogwa: Jinsi Tundu Jipya Linavyopona na Linavyotunzwa

Kutoga masikio ni desturi ya kale mno. Mwaka 1991 mwili wa mtu aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita ulipatikana katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Wataalamu walipoukagua waliona kwamba ndewe za masikio yake zilikuwa zimetogwa na kupanuliwa. Katika Afrika ya Mashariki hakuna haja ya kufukua barafu ili kupata ushahidi. Wanawake wa Lamu na Unguja walivaa majasi, mengine yakiwa ya karatasi za rangi zilizoviringishwa kwa ustadi. Wamasai walipanua ndewe zao kwa vipande vya mti. Wanawake wa Kimakonde walitoboa mdomo wa juu na kutia ndonya. Na kipini cha puani kinajulikana pwani yote.

Kwa hiyo lililo geni si tundu lenyewe. Lililo geni ni kwamba kazi hii, ambayo zamani ilifanywa nyumbani na bibi au somo aliyeendelea kumwangalia mtoto hata baada ya wiki nyingi, sasa hufanywa kwa dakika mbili sokoni au katika duka la urembo, na anayetogwa huondoka na kujitunza mwenyewe. Aghalabu huyo ni mwanafunzi wa sekondari aliye likizoni. Hurudi shuleni kabla tundu halijapona, na kanuni za shule nyingi humtaka avue herini siku ileile ya kuripoti. Katika hali hiyo elimu ya biolojia na ya kemia inayofundishwa darasani inaweza kumwokoa asipoteze sikio, na neno hilo halikutiwa chumvi, kama itakavyoonekana.

Tundu ni kidonda

Sindano inapopita katika ndewe huacha mfereji mfupi, wa milimita chache tu, ulio wazi pande zote mbili. Mfereji huo ni kidonda kama kidonda kingine chochote, ila una sifa moja ya pekee: hautakiwi kuziba. Mkato wa kisu mkononi hupona kwa kingo zake mbili kukutana. Tundu la sikio hupona kwa njia nyingine. Ngozi ya juu, yaani epidemisi, hutambaa kuingia ndani ya mfereji kutoka mbele na kutoka nyuma, hadi pande hizo mbili zikutane katikati na kuufunika mfereji wote kwa ngozi mpya, mfano wa kitambaa cha ndani cha mkono wa koti. Hapo ndipo tundu linaposemwa kuwa limepona. Kabla ya hapo msumari wa herini umelala katika nyama mbichi, hata kama kwa nje sikio linaonekana zima kabisa.

Kazi hiyo huenda kwa hatua. Mara baada ya kutobolewa, mishipa midogo ya damu hujikaza, chembe sahani za damu hukusanyika, na protini iitwayo faibrini hufuma wavu unaozuia damu isitoke. Baada ya saa chache chembe nyeupe za damu huanza kumiminika mahali hapo kuja kula vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alizitaja dalili nne za hali hii: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Dalili hizo zikiwa hafifu, na zikipungua baada ya siku tatu nne, si ugonjwa. Ni mwili unaofanya kazi yake. Hufuata hatua ya ujenzi, ambapo seli ziitwazo fibroblasti hutengeneza nyuzi za kolajeni, kapilari mpya huchipua, na epidemisi huanza safari yake ya kuingia mferejini. Mwisho kolajeni hiyo hupangwa upya na kuimarishwa, na hatua hii huweza kuchukua mwaka mzima.

Kuhusu wekundu inafaa kusemwa jambo moja. Vitabu vingi vinavyotumiwa viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na ndiyo sababu dalili ya kwanza inayotajwa daima ni wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu hujificha. Anayemngoja mwanafunzi awe na sikio jekundu ndipo ampeleke hospitali aweza kungoja hadi mambo yameharibika. Ni afadhali kugusa masikio yote mawili kwa mgongo wa kiganja na kulinganisha joto lake, kutazama kama ngozi imekakamaa na kung'aa, na kuona kama mahali pamoja pameiva na kuwa peusi zaidi kuliko palipopakana napo.

Kadhalika si kila kitu kinachotoka tunduni ni usaha. Katika wiki za mwanzo hutoka majimaji mepesi, meupe au ya manjano iliyopauka, ambayo hukauka na kuwa magamba membamba kwenye msumari. Hayo ni majimaji ya damu yasiyo na chembe nyekundu, pamoja na seli zilizokufa. Usaha ni mzito, hauonyeshi upande wa pili, rangi yake huwa ya manjano iliyokolea au ya kijani, mara nyingi hunuka, tena huandamana na maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Magamba hayo ndiyo yaliyoleta ushauri wa zamani kwamba herini izungushwe kila siku "isigandame". Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, lakini hauafikiani na yanayojulikana leo juu ya ngozi. Mwaka 1962 mtafiti George Winter, wa Uingereza, alionyesha kwa kutumia vidonda vya nguruwe kwamba epidemisi hutambaa kwa kasi ya karibu mara mbili pale kidonda kinapohifadhiwa na unyevu wake kuliko pale kinapoachwa kikauke na kufanya gamba. Seli za epidemisi husafiri katika utando mwembamba wa majimaji. Herini ikizungushwa ikiwa kavu, magamba yaliyoshikamana na msumari huburutwa ndani ya mfereji na kuichana ngozi changa iliyojengwa usiku kucha, na kazi huanza upya. Herini iachwe ilipo. Magamba yalainishwe kwa maji, yataanguka yenyewe.

Ndewe na gegedu

Mwanafunzi na alishike sikio lake kati ya kidole gumba na cha shahada, aanzie chini na kupanda. Ndewe ni laini. Ndani yake mna mafuta na nyuzi za nyama, pamoja na damu tele. Kidole kikipanda kidogo hukutana na kitu kigumu kinachopindika na kurudi mahali pake. Hilo ni gegedu nyumbufu, ndilo linalolipa sikio umbo lake. Tofauti kati ya sehemu hizi mbili haitambuliwi na watoboaji wengi, nayo ndiyo inayoamua hatima ya tundu.

Gegedu halina mishipa ya damu. Seli zake hukaa mbalimbali katika dutu ngumu, na chakula na oksijeni huzifikia kwa usambaaji tu kutoka katika utando mwembamba unaolifunika gegedu pande zote. Utando huo ndio wenye damu. Maana yake ni kwamba chembe nyeupe haziwezi kufika upesi palipotobolewa, na dawa iliyomezwa, ambayo husafiri kwa damu, hufika kwa shida. Kwa sababu hiyo ndewe hupona kwa muda wa wiki 6 hadi 8, lakini tundu la gegedu huhitaji miezi 3 kwa uchache, na mara nyingi mwaka mzima. Pua, ambayo ubavu wake una gegedu pia, huchukua miezi 2 hadi 4. Kitovu, kwa kuwa husuguliwa na nguo na kukunjika kila mtu akikaa, huweza kufikisha mwaka.

Hatari kubwa ni bakteria iitwayo Pseudomonas aeruginosa. Huyu si mgeni: huishi majini, kwenye masinki, kwenye vitambaa vyenye unyevunyevu, na hata ndani ya chupa za dawa hafifu za kuulia vijidudu. Akiingia katika tundu la gegedu hukusanya usaha kati ya gegedu na utando wake. Usaha unapozidi huubandua utando, na gegedu lililobanduliwa hukosa chakula na oksijeni. Katika siku chache hufa. Gegedu lililokufa haliotoi jingine. Sikio hujikunja na kusinyaa kama kipande cha ngozi kilichotupwa motoni, na hubaki hivyo maisha yote isipokuwa kwa upasuaji mgumu wa kulijenga upya. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, watu 7 walithibitishwa kupata maambukizo ya aina hii baada ya kutobolewa gegedu katika kibanda kimoja cha mapambo, na wengine 18 walishukiwa kuyapata. Waliothibitishwa walikuwa wa umri wa miaka 10 hadi 19. Uchunguzi uliwafikisha wataalamu kwenye chupa ya dawa ya kusafishia: dawa yenyewe ilikuwa na bakteria hao.

Katika tukio hilo wagonjwa wengi walianza kutibiwa kwa dawa zisizomdhuru bakteria huyu. Jambo hilo lina maana kubwa kwa nchi ambamo dawa hununuliwa dukani bila cheti. Amoksilini, ambayo ni ya kwanza kutafutwa, haimwui Pseudomonas. Desturi ya kufungua vidonge vya rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda ni mbaya zaidi, kwani haiponyi, huziba tundu lisitoe usaha, na huwafunza bakteria wengine kuishinda dawa. Dawa zinazofaa zipo, ila ni za kuamuliwa na daktari.

Ipo dalili moja ambayo kila mwalimu wa afya angefaa kuijua. Maambukizo ya gegedu huvimbisha sehemu ya juu ya sikio lakini huiacha ndewe bila kuigusa, kwa sababu ndewe haina gegedu. Sikio lililovimba juu, lenye moto, linalouma sana likiguswa, huku ndewe yake ni laini kama kawaida, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Si la kungojea Jumatatu.

Chumvi, maji na spiriti

Mwili wa binadamu umejaa maji yenye chumvi. Myeyusho wa chumvi ya kawaida wenye gramu 9 katika lita 1 ya maji, yaani asilimia 0.9, hulingana na majimaji ya mwili kiosmosi. Mwanafunzi wa kemia aweza kuhakikisha: molekuli-gramu moja ya kloridi ya sodiamu ni gramu 58.5, hivyo gramu 9 ni moli 0.154, kila moja hutoa ioni mbili, jumla moli 0.308 za chembe katika lita, kiasi kinachokaribia sana kile cha utegili wa damu. Myeyusho huo ukiosha kidonda, maji hayaingii kwa nguvu katika seli changa wala hayatoki. Magamba hulainika, vumbi huondoka, seli hazishtuki.

Kuutengeneza si kazi. Maji yachemshwe na kupozwa yakiwa yamefunikwa. Kijiko cha chai cha chumvi laini kilichosawazishwa kwa kisu huwa na gramu kama 5 hadi 6. Kinatosha mililita 600 za maji, yaani chupa ya nusu lita na nusu kikombe cha chai zaidi. Penye mizani ya maabara ni afadhali kupima gramu 4.5 kwa nusu lita. Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza. Kitambaa safi cha shashi kilichochovywa kiwekwe mbele na nyuma ya tundu kwa dakika chache, mara mbili kwa siku, kisha sikio likaushwe. Pamba haifai, maana nyuzi zake hunasa kwenye msumari. Myeyusho wa jana umwagwe. Na asiyeweza kupata chumvi asihuzunike: maji safi ya bomba, yaliyo salama kunywewa, huosha kidonda vizuri vilevile.

Wako wanaofikiri kwamba kama chumvi kidogo ni dawa, basi chumvi nyingi ni dawa zaidi. Wapwani nao husema maji ya bahari huponya kidonda. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi katika lita, karibu mara nne ya kiasi kinachotakiwa, tena ina vijidudu vyake. Kuogelea baharini, ziwani au mtoni kusubiri hadi tundu lipone.

Jaribio la kiazi huonyesha jambo hili vizuri. Kiazi mviringo kikatwe vipande vitatu vya urefu wa sentimita 5, vyenye unene mmoja, na kila kimoja kipimwe uzito. Cha kwanza kitiwe katika maji matupu, cha pili katika myeyusho wa asilimia 0.9, cha tatu katika myeyusho wa asilimia 10. Baada ya saa mbili au tatu cha kwanza kitakuwa kigumu na kizito zaidi. Cha tatu kitalegea hata kupindika kama mpira. Cha pili kitakuwa kimebadilika kidogo tu. Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba seli ya kiazi ina ukuta unaoizuia isipasuke, na seli ya ngozi haina.

Spiriti na haidrojeni peroksidi zimeachiwa mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndizo zinazopendwa. Spiriti hugandisha protini. Hugandisha protini za bakteria, na hugandisha pia protini za fibroblasti na za epidemisi inayotambaa. Haina macho ya kutofautisha. Inafaa kupakwa juu ya ngozi nzima kabla ya kutoboa, lakini si ndani ya kidonda kila siku. Peroksidi inapotiwa hufanya povu, na watu huamini kwamba povu hilo ni vijidudu vinavyokufa. Sivyo. Damu na nyama zina kimeng'enya kiitwacho katalase, ambacho huivunja peroksidi kuwa maji na oksijeni. Povu ni oksijeni hiyo. Ini bichi la kuku likidondoshewa peroksidi hutoa povu jingi vilevile. Povu haliwezi kutumiwa kupima usafi wa kidonda, na dawa yenyewe huziunguza seli changa.

Juu ya majivu, dawa ya meno, samadi na mafuta ya taa haitasemwa mengi. Udongo na kinyesi cha wanyama hubeba mbegu za bakteria wa pepopunda, na tundu la sikio ni mlango wa kutosha.

Metali iliyolala kidondani

Kipande cha metali kitakachokaa wiki 6 katika nyama mbichi si pambo tu. Ni kifaa cha tiba, na kingestahili kuchaguliwa hivyo. Metali inayosumbua zaidi ni nikeli. Ni nafuu, hung'aa, na hutiwa katika herini nyingi za bei ndogo, mara nyingi chini ya rangi ya dhahabu isiyozidi unene wa utando. Jasho na majimaji ya kidonda, kwa kuwa yana kloridi, huiyeyusha polepole. Ioni za nikeli hujishikiza kwenye protini za ngozi, na chembe za ulinzi ziitwazo limfosaiti huzihesabu protini hizo kuwa adui. Mara hiyo ya kwanza huenda isionekane dalili yoyote. Lakini limfosaiti hazisahau. Kuanzia hapo nikeli ikigusa ngozi mahali popote, iwe ni bizimu ya mkanda, mgongo wa saa au fremu ya miwani, huleta upele, mwasho na majimaji, na hali hiyo hubaki maisha yote. Msichana hujipatia mzio wa kudumu kwa herini aliyoivaa mwezi mmoja.

Denmark iliweka sheria ya kupunguza nikeli katika mapambo mwaka 1990, na mzio huo ukapungua miongoni mwa wasichana waliotoga masikio baadaye. Jumuiya ya nchi za Ulaya ilifuata mwaka 1994. Na tangu 2004 kiwango kinachoruhusiwa huko kwa vitu vinavyopitishwa katika matundu ya mwili ni mikrogramu 0.2 za nikeli kwa sentimita mraba kwa wiki. Ikumbukwe kwamba kinachopimwa ni nikeli inayotoka, si iliyomo. Chuma cha pua cha kutengenezea vifaa vya upasuaji kina nikeli zaidi ya asilimia 10, lakini kromiamu iliyomo hufanya utando wa oksidi unaoifungia ndani, na watu wengi hukivumilia. Titani na niobi ni salama zaidi. Dhahabu halisi ya karati 14 na kuendelea hufaa, mradi si dhahabu nyeupe, ambayo huenda imechanganywa na nikeli. Fedha haifai katika tundu bichi, kwa sababu hubadilika kikemia na kuweza kuacha doa katika ngozi.

Maabara yenye dimethaili-glaioksimi yaweza kufanya jaribio zuri. Pamba yenye tone la kemikali hiyo na tone la amonia husuguliwa juu ya herini kwa nusu dakika. Ikigeuka kuwa ya waridi, nikeli inatoka. Wanafunzi wakileta herini kumi kutoka sokoni, somo la metali za mpito halitasahauliwa.

Umbo la pambo nalo lina neno. Msumari uwe na nafasi ya milimita chache kwa ajili ya uvimbe, la sivyo kifungo cha nyuma huzama katika ndewe na kufunikwa na nyama. Desturi ya kuacha uzi tunduni ina kasoro moja: nyuzi zilizosokotwa hufyonza majimaji na kuyashika, kama utambi wa taa, na vijidudu hukaa humo. Njiti ya chelewa ni bora kidogo kwa kuwa ni nyororo, lakini nayo haiwezi kutakaswa kikamilifu, na hufyonza maji na kuvimba.

Sindano na chombo cha kufyatua

Sindano moja ikitumiwa kwa wasichana wanne, damu ya wa kwanza humfikia wa nne. Kwa wahudumu wa afya waliochomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa, imekadiriwa kwamba hatari ya kuambukizwa homa ya ini ya aina B kwa asiyechanjwa hufikia 30 katika kila 100, na kwa virusi vya UKIMWI ni 3 hivi katika kila 1,000. Virusi vya homa ya ini B huweza kubaki hai nje ya mwili, katika damu iliyokauka, kwa siku 7 au zaidi. Sindano iliyopanguswa kwa spiriti tu si safi. Na kuichemsha hakumalizi kazi, kwani mbegu za pepopunda hustahimili maji yanayochemka. Tena katika miji ya nyanda za juu kama Arusha, uliopo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye sentigredi 95 tu. Mtambo wa mvuke wenye mgandamizo hufikisha sentigredi 121, na kwa dakika 15 huua mbegu hizo. Njia rahisi kuliko zote ni sindano mpya iliyofungwa kiwandani, ifunguliwe mbele ya macho ya anayetogwa, na ikitumika itupwe.

Vile vyombo vya kufyatua vinavyofanana na bastola vingi vina sehemu za plastiki zisizostahimili mvuke huo. Zaidi ya hayo, msumari wake ni butu kuliko sindano. Haukati bali hulazimisha njia. Ndewe laini huweza kuvumilia. Gegedu hupondwa na kupasuka, na gegedu lililopondwa ndilo makao aliyoyapenda bakteria aliyetajwa. Chombo hicho kisitumiwe kabisa juu ya ndewe.

Kovu lisilojua mpaka

Kuna watu ambao kolajeni yao haiachi kujengwa. Kovu huota, huvuka mipaka ya kidonda, na kuwa kinundu kigumu nyuma ya sikio, chenye ukubwa wa harage au hata wa limau. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, alilipa jina linalotokana na neno la Kigiriki la gando la kaa, na leo huitwa keloidi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, na hufuata ukoo. Kulikata peke yake mara nyingi hurudisha kubwa zaidi. Sharti upasuaji uandamane na sindano za dawa au tiba nyingine. Yafaa isichanganywe na kijinundu chekundu, laini, kinachojitokeza karibu na tundu katika wiki za mwanzo kwa sababu ya kusuguliwa. Hicho hunywea chenyewe msuguano ukiisha, iwe umetokana na nywele za kusukia, ushungi au simu.

Kabla ya kutoga, mwanafunzi amwulize mama, shangazi na ndugu zake kama kuna mwenye makovu ya namna hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba keloidi hutokea zaidi kwa waliotogwa baada ya umri wa miaka 11 kuliko kwa waliotogwa mapema. Yamkini mabibi wa pwani, waliowatoga watoto wakiwa wadogo, walikuwa wameona jambo hilo bila kuliandika.

Hesabu ya likizo

Wiki 6 ni siku 42. Likizo ya mwezi mmoja ni siku 28 au 30. Aliyetoga ndewe siku ya kwanza ya likizo atafika shuleni akiwa na upungufu wa siku 12 kwa uchache, na aliyetoga katikati ya likizo atakuwa hajafika hata nusu ya safari. Akivuliwa herini langoni, tundu litaanza kujifunga kutoka ndani kwa saa chache tu. Mwanafunzi huyo, asiyependa kupoteza alichokilipia, hutafuta njiti ya ufagio wa bweni na kuirudisha usiku kwa mikono isiyooshwa. Maambukizo mengi huanzia hapo, na lawama huangukia herini.

Shule ina haki ya kukataza mapambo. Hata hivyo ni afadhali matroni amruhusu mwenye tundu bichi abaki na msumari mdogo usio na urembo, uliofunikwa kwa plasta yenye kupitisha hewa, mpaka wiki 6 zitimie, tarehe ikiandikwa katika daftari la afya. Kama kanuni haina nafasi hiyo, basi herini ivuliwe moja kwa moja, sikio lioshwe kwa maji ya chumvi hadi lijifunge, na litogwe upya baada ya miezi miwili mitatu, pembeni kidogo mwa kovu. Ndewe ambayo tayari ina usaha isivuliwe herini kienyeji, kwa kuwa ngozi ikifunga juu usaha hubaki ndani na kuwa jipu, aamue mganga.

Kwa gegedu hesabu haina suluhisho. Hakuna likizo ya miezi 3, sembuse mwaka. Anayetaka kutoboa sehemu ya juu ya sikio angoje amalize mtihani wa Kidato cha Nne, ambapo atakuwa na miezi kadhaa nyumbani, karibu na mtu wa kumtazama sikio kila asubuhi.